Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: ufunguo wa gereza la wanawake unashikwa na nani?

Bwana Waziri,

Mimi ni mama wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Nauza vitenge sokoni, sina cheo wala chama. Nakuandikia juu ya wanawake walio gerezani, kwa kuwa habari zao zinatufikia siku mbili tatu, watu wanasikitika, kisha zinazimika, na wao wanabaki mle mle.

Tarehe 25 Septemba 2020 wafungwa wa Kasapa, gereza la hapa mjini kwetu, waliasi. Sehemu ya wanawake ilichomwa moto. Wenyewe wakabaki uani, mchana na usiku, siku tatu, hakuna wa kuwakinga. Makumi yao walibakwa, na msichana mdogo akiwa miongoni mwao. Kasapa si porini, Bwana Waziri. Iko upande ule ule wa mji ulipo chuo kikuu chetu. Siku zile tatu watu walikwenda kazini, wakanunua mkate, wakarudi nyumbani, na mambo hayo yakiendelea nyuma ya ukuta. Kila nikikumbuka najisikia vibaya kwamba mji mzima tulikuwa karibu hivyo.

Tulidhani basi, Leta, yaani serikali, imeona. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 ikawa gereza la Makala, huko kwenu Kinshasa. Serikali yenyewe ilitangaza vifo 129, wengine kwa risasi, wengi kwa kukosa hewa na kukanyagana. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1,500, na walikuwa wamesongamana humo zaidi ya 12,000. Habari ya wanawake ilikuja baadaye, polepole: kwa hesabu ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia idadi ya watu, kati ya wanawake 348 waliokuwamo, 268 walitendewa ukatili wa kijinsia. Rudia kusoma hesabu hiyo. Waliosalimika ndio wachache.

Halafu gereza la Munzenze, Goma, tarehe 27 Januari 2025, siku waasi wa M23 walipokuwa wanaingia mjini. Wanaume walitoroka kwa maelfu. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa, na wengi wao wakafa kwa moto uliowashwa humo humo. Vita ilikuwa mlangoni, najua. Lakini vita haikujenga sehemu ya wanawake ndani ya gereza la wanaume.

Habari ya Makala ilipofika sokoni kwetu, nilisikia maneno yaliyoniumiza karibu sawa na habari yenyewe. Mtu alisema, "Si ni wezi hao?" Wengine wakaitikia kwa kichwa. Nilimjibu palepale kwamba katika magereza yetu wengi hawajahukumiwa kwa lolote, wanangoja tu. Na hata aliyehukumiwa, hakimu alimpa miaka, hakumpa kubakwa.

Ninajua kungoja huko kulivyo. Mdogo wangu alikuwa anashika pesa za likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya akina mama wa mtaa wao. Mama mmoja alipokea zamu yake, akavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, hakurudi. Wenzake wakamdai mdogo wangu, kisha wakaenda polisi. Jambo la kukaa chini na kulipana kidogo kidogo likamfikisha kasho, yaani selo ya polisi, kutoka kasho parke, kwa waendesha mashtaka, kutoka parke gereza. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni, kufunga mtu ni jambo la nadra. Kifungu cha 18 kinasema polisi wasimshike mtu kupita saa 48. Sisi kila tulipouliza tulijibiwa, "Dosye, faili la kesi, bado haijafika kwa hakimu." Miezi ikapita kwa sentensi hiyo moja.

Sitalitaja gereza hilo. Nitakuambia tu nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nilikuwa nimebeba bukari, ugali wetu, na matembele kwenye sufuria ndogo, kwa sababu vungule wanayogawiwa, mahindi na maharage, siku nyingine haitoshi na siku nyingine haiji. Pale getini nililipa, kama wanavyolipa wote, bila karatasi yoyote. Nikavuka uwanja wa wanaume. Mwishoni kulikuwa na mlango wa bati wenye kufuli moja, na nyuma yake ndiyo sehemu ya wanawake. Nilimngoja askari aje kufungua. Aliyekuja ni kapita, mfungwa kama wafungwa wengine aliyewekwa kuwasimamia wenzake, kijana mwenye filimbi shingoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alifungua, akaniita "mama" kwa heshima, akafunga nyuma yangu.

Hakunikosea neno. Lakini nilipokaa na mdogo wangu kwenye mkeka sikusikia nusu ya aliyoniambia. Nilikuwa natazama bati lile. Linatikisika hata mtu akiliegemea. Nikafikiri: siku wanaume wakikasirika, iwe kwa njaa au kwa msongamano, kati yao na hawa mama kuna nini? Kuna huruma ya kijana mwenye ufunguo, basi. Ndani mle nilikuta mwanamke ananyonyesha.

Kwa hiyo naomba tusiambiwe tena kwamba hakuna aliyejua. Baada ya Kasapa kila mkubwa wa magereza nchini alijua fujo ikizuka wanawake wanafikwa na nini. Makala ilikuja miaka minne baadaye, Munzenze miezi mitano baada ya Makala. Huo ni muda wa kutosha kujenga ukuta wa matofali. Ni muda wa kutosha hata kubadilisha kufuli.

Mtasema pesa hakuna. Mwaka 2025, tarehe 2 Septemba, mwaka mmoja kamili baada ya Makala, Korti ya Kasasyo, mahakama ya juu, ilimhukumu aliyekuwa waziri wa wizara yako hii, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kosa la ubadhirifu wa dola milioni 19 za Leta katika mpango wa kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana mpaka mwisho. Mimi si hakimu, sirudii kesi yake. Ninachoshika ni kwamba dola milioni 19 za gereza moja zilikuwepo. Sasa ziko wapi, na je, katika ramani ya gereza hilo wanawake wamewekwa wapi?

Kuna mambo yasiyongoja gereza jipya. Toa amri kwamba kuanzia sasa ufunguo wa sehemu ya wanawake, katika kila gereza la nchi, ushikwe na askari mwanamke anayelipwa mshahara wake kila mwezi, wala asiushike tena kapita. Tuma mahakimu wakae ndani ya magereza wasome dosye za wanawake moja moja. Hao si wengi kama wanaume, kazi hiyo haiwezi kumaliza mwaka. Aliyefungwa kwa deni aende nyumbani akatafute pesa ya kulipa, kwa kuwa gerezani hatauza hata kiberiti.

Na Kasapa, Bwana Waziri. Sheria ya 2006 juu ya ubakaji inasema upelelezi umalizike ndani ya mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Mwaka mmoja baada ya fujo ile, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walizungumza na wanawake hao, na bado walikuwa wanadai matibabu na haki. Tunataka kusikia hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili tunachokielewa wote, nani alihukumiwa kwa siku zile tatu, na mkubwa gani aliulizwa kwa nini aliwaacha uani. Kama kesi haijakamilika, ikamilishwe. Wale akina mama baadhi yao wametoka, tunaishi nao. Wakiitwa kutoa ushahidi wapewe nauli, wapewe ulinzi, na wasikilizwe milango imefungwa kama sheria hiyo inavyowaruhusu kuomba.

Ni mimi,
Mama muuza vitenge, Katuba, Lubumbashi