Safari ya Albania na Masedonia Kaskazini

Hamjambo ndugu zangu. Njia ya safari yetu ya baiskeli imekamilika: tunaanzia Tirana, tunalala Berat, kisha tunaelekea mashariki hadi Ziwa Ohrid. Berat baiskeli tutaziacha tutembee kwa miguu. Zile nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, madirisha yote yakitazama mto Osum, huwezi kuzifaidi ukipita mbio.

Siku ninayoisubiri kwa hamu ni ya Sveti Naum. Ukivuka mpaka kutoka upande wa Pogradec, mji wa Albania, ni mwendo mfupi tu hadi kwenye monasteri hiyo ya Sveti Naum. Jirani yake kuna chemchemi zenye maji maangavu, unaona mchanga ukichezacheza pale yanapobubujika. Sehemu ya maji hayo hutoka Ziwa Prespa, yakipita chini ya mlima Galičica. Kesho yake mlima huohuo tutaupanda sisi, hadi karibu mita 1,600! Kwa hiyo breki zikaguliwe na fundi kabla hatujaondoka, tafadhali sana. Kinachonitia hofu ni kule kushuka, si kupanda. Tyubu mbili za akiba kila mtu.

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki, suala la viza tulianze sasa. Nitumieni ujumbe pembeni leo.