Maafisa wa nyanjani nao wawekwe kwenye bajeti ya miradi ya maji

Mhariri,

Kila mara nasikia watu wakilaumu mashirika yasiyo ya serikali kwamba pesa zinaishia kwenye mishahara ya wafanyakazi badala ya kumfikia mwananchi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji huku Msambweni, Kaunti ya Kwale, na naona kinyume. Miradi niliyoiona ikisimama na ile niliyoiona ikifa ilitofautiana kwa jambo moja kuu: kama kulikuwa na mtu wa shirika anayefika kijijini, anayejulikana, na aliyekaa vya kutosha. Mshahara wa mtu huyo ni pesa iliyomfikia mwananchi.

Sisi wa Kwale hatukuanza jana kulijua hili. Mwaka 1983 Wizara ya Maji, kwa msaada wa Sweden, UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na Benki ya Dunia, ilianza kujaribu pampu za mkono katika visima vya Pwani Kusini. Majaribio hayo yalichangia sana kuzaliwa kwa pampu ya Afridev, ambayo leo utaikuta vijijini katika nchi nyingi za Afrika. Wahandisi wanastahili sifa zao. Lakini ukiwauliza wazee wa huku, watakutajia kwanza wafanyakazi wa KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya lililopewa kazi ya kukaa na wanavijiji, wengi wao wanawake waliokuja bila chombo chochote zaidi ya daftari.

Nilikuwa msichana mdogo wakati huo na mama yangu alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kufunzwa. Afisa aliwaketisha kina mama chini ya mwembe, akawapa spana moja, kwa kuwa pampu ile haihitaji zaidi ya hiyo. Wakafungua kichwa cha pampu, wakavuta vile vyuma virefu kimoja baada ya kingine, wakaitoa pistoni, wakabandua mpira uliokwisha na kuvalisha mpya. Bomba la plastiki lilibaki palepale kisimani. Maji yalipotoka, wanaume waliosimama kando wakaacha kubishana kama wanawake wataiweza kazi ile. Afisa mwenyewe hakugusa spana hata mara moja. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, maana ingekuwa rahisi kwake kuitengeneza na kwenda zake.

Hazina nayo ilikabidhiwa wanawake katika kamati nyingi za Kwale, na si kwa amri kutoka juu. Wafanyakazi wale waliketi barazani wakawaacha watu waseme wenyewe nani yuko kijijini siku zote, nani anateka maji, nani atajua ikiwa senti zimepungua. Walikula muhogo na samaki pamoja nasi, wakajua ukoo gani umekosana na upi, na wakajua mtu wa kuanza naye kabla ya kuitisha mkutano. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa ziara ya asubuhi moja.

Sasa nieleze la karibuni. Kijiji jirani kililetewa na shirika moja, ambalo sitalitaja jina, tangi kubwa, paneli za sola na kioski cha maji. Kazi nzuri kabisa. Alikuwepo kijana, afisa wa nyanjani, aliyekuwa akija kwa pikipiki. Aliunda kamati, akawafungulia akaunti ya benki yenye watu watatu wa kutia sahihi, akawaonyesha namna ya kuandika risiti. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita. Ulipokwisha, mradi ukahesabiwa umekamilika, picha zikapigwa, naye akarudi kwao kutafuta kazi nyingine.

Baadaye mmoja wa wale watia sahihi akaolewa Lunga Lunga. Ili kumbadilisha, benki ilitaka kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, barua na nakala za vitambulisho, na mambo haya yana utaratibu wake. Kijana yule angeyamaliza kwa siku mbili. Kamati haikujua ianzie wapi, mkutano ulioitishwa ukageuka ugomvi, na mashine ya maji ikaharibika katikati ya hayo yote. Pesa ya kuitengeneza ilikuwepo benki, lakini hakuna aliyeweza kuitoa. Kina mama wakarudi kununua maji ya mkokoteni huku tangi lenye nembo ya mfadhili likiwa tupu mbele yao. Niliumia sana, kwa sababu lililokosekana halikuwa pesa wala chuma. Alikosekana mtu mmoja anayelipwa kuja kuwasikiliza.

Nasema mtu wa nyanjani, lakini nyuma yake kuna wengine wasioonekana kabisa. Dereva anayejua barabara ya kwenda Kinango inakatika wapi mvua zikianza, ndiye anayeamua kama vipuri vitafika wiki hii au wiki ijayo. Karani wa hesabu katika shirika lililotufadhili sisi alinifundisha kufunga daftari kila mwisho wa mwezi, kuandika kilichoingia upande mmoja na kilichotoka upande wa pili, na kutopokea hata shilingi kumi bila risiti. Hakuniharakisha. Nilikuwa nikimpigia simu jioni naye akinipa jibu kwa upole, nami hadi leo naandika vile vile alivyonifundisha. Hakuna jiwe la uzinduzi lenye jina lake.

Wafadhili wana desturi ya kuwahesabu watu hawa katika gharama za utawala, pamoja na kodi ya ofisi na karatasi, kisha kusifu shirika ambalo gharama hizo ni ndogo. Matokeo yake ni mikataba ya miezi michache, mafuta ya pikipiki yanayotoka mfukoni mwa kijana mwenyewe, na afisa anayeondoka punde tu watu wanapoanza kumwamini. Mwaka 2025 tuliona pia hatari ya kutegemea mfuko mmoja: Marekani ilisitisha misaada Januari, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa. Wakenya wengi waliokuwa wakihudumu vijijini na kwenye zahanati walipoteza kazi ghafla, na ujuzi wao ukaondoka pamoja nao.

Najua yako mashirika yanayonunua magari ya fahari na kufanya semina hotelini Diani. Hayo yakaguliwe na yaulizwe. Lakini kumwadhibu afisa wa nyanjani kwa makosa ya bosi wake ni dhuluma, na anayeumia mwisho ni mama mwenye mtungi.

Kuna mfano mzuri hapa hapa Kwale, na pia Kitui, wa kampuni ya FundiFix. Jamii hulipa kiasi fulani kila mwezi, na pampu ikiharibika wapo mafundi ambao kazi yao ni kuja kuitengeneza. Nimeutaja kwa sababu unakiri kwamba maji ni kazi ya kila mwezi, na afanyaye kazi ya kila mwezi hulipwa kila mwezi.

Basi naomba mambo mawili. Mfadhili anayejenga kwetu aandike ndani ya bajeti yake, tangu mwanzo, mshahara wa afisa wa nyanjani kwa angalau miaka mitatu baada ya maji kutoka, pamoja na mafuta yake na bima yake. Na Kaunti ya Kwale, kabla ya kupokea mradi wowote kwa mikono miwili, iulize nani atabaki, analipwa na nani, na hadi lini. Kisha iajiri baadhi ya watu hawa yenyewe, kwa kuwa wanazijua lugha zetu na njia zetu. Bajeti ya kaunti itakapoletwa kwa maoni ya umma, kamati yetu itafika na swali hilo likiwa limeandikwa, na tungependa kamati za Kinango, Matuga na Lunga Lunga zije na lao.

Mweka hazina, kamati ya maji,
Msambweni, Kwale