Kuhamisha familia kati ya majiji ghali ya pwani: gharama isiyoonekana kwenye ankara yetu

Wateja wengi wanaotupigia simu huanza na swali moja: kuhamisha vitu vya nyumba ya vyumba vitatu ni bei gani? Ni swali la haki, na tunalijibu kwa tarakimu. Lakini familia ikitoka jiji ghali la pwani na kwenda jingine lililo ghali vilevile, mara nyingi si usafiri unaomaliza akiba. Akiba huishia kwenye zile wiki za katikati, ambapo nyumba ya zamani bado inalipiwa, mpya imeshaanza kulipiwa, na vitu vyenu haviko katika hata moja kati ya hizo mbili.

Mwenye nyumba mpya kwa kawaida anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana kabla ya kukabidhi funguo. Wa zamani anaishikilia amana yenu mpaka mtoke, akague kuta, mabomba na sakafu. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho familia moja ina amana mbili mikononi mwa watu wengine. Mkifika kabla ya mzigo, mnalipia hoteli au nyumba ya muda. Mzigo ukiwatangulia, mnalipia ghala, na kwenye jiji ambalo upande mmoja ni bahari na ardhi ni haba, ghala nalo si rahisi.

Ndiyo maana sisi huanza na tarehe, maboksi baadaye. Mzigo wa kuchangia, yaani lori au kontena moja lenye vitu vya familia kadhaa, huwa na bei nafuu, na kwa mtu asiye na haraka ni chaguo zuri kabisa. Ila kontena la kuchangia husubiri lijae ndipo liondoke, na likifika husubiri tena lifunguliwe na mizigo itenganishwe. Lori la kuchangia nalo hupita kwa wengine kabla ya kufika kwenu, ndiyo maana mnapewa kipindi cha kuupokea mzigo badala ya siku moja maalumu. Chukueni kodi ya mwezi ya nyumba mpya, gawanyeni kwa 30, ongezeni gharama ya kulala kwingine kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo bei ya kila siku ya kuchelewa. Zidisheni kwa siku za kusubiri, kisha linganisheni na tofauti kati ya usafiri wa kuchangia na wa peke yenu. Kwenye miji ya kodi kubwa, ule wa nafuu huweza kuwa ndio ghali. Tunawaomba wateja wafanye hesabu hii hata pale inapotunyima kazi, kwa sababu mtu akishasaini mkataba hawezi tena kuirudia.

Baada ya tarehe, nafasi. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33 ndani, na la futi 40 takriban 67, lakini samani hazikai kama matofali, kwa hiyo sehemu ya nafasi hiyo hupotea. Sofa yenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90 na kimo hichohicho inakula mita za ujazo 1.6. Mnailipia njiani. Mkifika, mnailipia tena kila mwezi, kwa sababu imekalia sakafu mnayoikodi. Sofa inayopendwa na familia nzima na isafiri, hatuna ubishi. Lakini kabati lililojaa vitu ambavyo hakuna aliyevigusa tangu mhamie hapo, uzeni au gaweni kabla hatujafika.

Pimeni nyumba mpya kabla ya kuamua. Tunahitaji upana wa mlango, kimo na kina cha lifti kwa ndani, na ile kona ya ngazi ambapo godoro kubwa hukwama. Ulizeni pia kama jengo lina utaratibu wa kuhama: mengi hutaka lifti iwekewe nafasi mapema, mengine hudai cheti cha bima cha kampuni inayohamisha. Na lori linahitaji mahali pa kusimama kihalali.

Safari ya baharini ina adui wake, nao ni unyevu. Mchana hewa ndani ya kontena hupata joto na kubeba mvuke. Usiku bati la juu hupoa, mvuke ukageuka maji na kudondokea mzigo. Godoro lililofungwa nailoni likiwa na unyevunyevu hufika na ukungu. Friji lifunguliwe, likaushwe vizuri na mlango wake uachwe wazi kidogo. Tunatundika mifuko ya kufyonza unyevu, lakini hakuna mfuko utakaookoa kitu kilichopakiwa kibichi. Na kama mnavuka mpaka wa nchi, msitumie kreti la mbao lililotengenezwa tu na fundi wa jirani. Kanuni ya kimataifa inayoitwa ISPM 15 inataka mbao za kufungashia zitibiwe ili kuua wadudu, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi mpaka kwenye kiini kwa dakika 30, kisha zipigwe muhuri. Bila muhuri huo, mzigo unaweza kuzuiwa bandarini.

Kuhusu bima, tunasisitiza kuliko jambo jingine lolote. Watu hudhani bima ni ya vitu kuvunjika. Kuna sheria ya zamani ya baharini ambayo chini yake, gharama ya kuokoa meli iliyo hatarini hugawanywa kwa wote wenye mali ndani yake, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mzigo wake. Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza utaratibu huo, na meli yenyewe haikuruhusiwa kuondoka hadi Julai. Sahani zenu zinaweza kuwa nzima kabisa na bado mkadaiwa mchango kabla ya kukabidhiwa. Bima kamili ya baharini hubeba mchango huo; asiye nayo huutoa mfukoni.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, ripoti za shule na dawa visipande lori letu kamwe. Bebeni wenyewe. Shule nyingi hazimsajili mtoto bila uthibitisho wa anwani, kwa hiyo mkataba wa nyumba nao ukae kwenye begi hilohilo. Na kila mtoto apate boksi lake moja, tuliandike jina, tulipakie mwisho ili lishuke la kwanza.

Mkiwa tayari, tutumieni video ya kila chumba, pamoja na stoo na baraza, vipimo vya nyumba mpya, na tarehe ya kukabidhiwa funguo. Tutawarudishia bei mbili, ya kuchangia na ya peke yenu, na chini ya kila moja tutaandika siku za kusubiri ili mzidishe wenyewe.