Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlinituma Olympia, makao makuu ya Jimbo la Washington, nikapiganie fedha za mazalia ya samaki aina ya samoni zisiguswe. Mwaka wenyewe ulikuwa huu. Bunge la Jimbo la Washington hupitisha bajeti ya miaka miwili katika miaka ya namba witiri, kwa kikao cha siku 105, na safari hii waheshimiwa waliingia ukumbini wakiwa na pengo la mabilioni ya dola. Kila mwenye fungu lake alikuwa amelikumbatia.

Kwa waliojiunga karibuni: samoni aina ya Chinook wa Puget Sound, mkono wa bahari wa jimbo letu, wamo katika orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Mwaka huohuo jimbo likaunda bodi ya kugawa fedha za kuwaokoa, na 2007 ukaongezwa mfuko wa Puget Sound peke yake. Mto wetu wa Green, tunakopanda miti, ambao ukikaribia bahari huitwa Duwamish, unazihitaji kuliko mingi. White River, uliokuwa ukiumwagia maji, ulihama mkondo 1906, haurudi tena kwetu. Black River, uliokuwa ukileta maji ya Ziwa Washington, ulikauka 1916, ziwa hilo liliposhushwa. Juu kuna bwawa la Howard Hanson, ambalo 2022 lilitengewa dola milioni 220 na serikali kuu kwa ajili ya njia ya samaki, na njia hiyo bado tunaingoja.

Tulikwenda watu sita, gari mbili. Ofisi moja ilitupa miadi mara mbili na mara zote tukakuta mlango umefungwa. Mbele ya kamati tulipewa dakika moja. Hotuba niliyoiandika ilikuwa kurasa nne! Mama mmoja katika msafara wetu akaniomba kipaza sauti, akaonyesha mikono yake iliyochanwa na miba ya blakiberi, akasema: “Waheshimiwa, pesa ya kupanda mti mnatoa. Ya kuupalilia hamtoi. Mwaka wa pili tunaukuta umekufa chini ya miba, na samaki hana kivuli.” Akakaa. Muda ulibaki.

Nimeishi na maneno hayo mwaka mzima. Samoni ni samaki wa maji baridi. Kiangazi mto ukikosa kivuli unapata joto, naye anadhoofu kabla hajafika pa kutagia. Lakini katapila likibomoa tuta la mto kuwafungulia samaki makao, linapigwa picha. Nani atampiga picha mtu aliyepiga magoti anang’oa mizizi?

Bajeti ilipita na fedha za samoni zimo. Sitasema ni sisi. Makabila ya wenyeji wa asili yenye haki za mkataba yamelipigania jambo hili tangu kabla wengi wetu hatujakanyaga Marekani, na hukumu ya 1974 iliyowapa nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ndiyo msingi wa mengi tunayoyaomba leo. Kuhusu palizi, sikuona mstari hata mmoja.

Mmoja wenu aliuliza kama tunavunja sheria. Hapana. Chama kisicho cha faida kama chetu kinaruhusiwa kushawishi wabunge kwa kiasi. Kumpigia debe mgombea ndiko kumekatazwa. Kwa hiyo yule ndugu aliyebandika bango la mtu wake kwenye meza yetu ya miche, tafadhali asirudie.

Na sisi wenye teksi tusijifanye hatumo. Tangu 2020 wanasayansi wameonyesha kwamba kemikali ya vumbi la matairi, mvua ikiisukuma mtoni, ndiyo inayowaua samoni aina ya Coho. Nitaomba tulizungumze hili kwenye mkutano, hata kama litatuuma.

Kikao kijacho kinaanza Januari 12, 2026, siku 60 tu. Tutapeleka ombi moja: fungu la palizi kwa kila mradi wa kupanda miti. Nahitaji gari tatu, na picha za miche yenu iliyokufa, zenye tarehe. Mpeni katibu kabla ya Krismasi.