Risala ya mafundi wa mabawa ya upepo, Matondoni, Lamu, kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mzee wa kijiji, walimu wetu wa ufundi, wazee waunda majahazi, mama zetu, baba zetu na vijana wenzetu: assalaam alaykum.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kuja mpaka huku Matondoni wakati upepo wa kusi umekaza. Umekuja wakati mwafaka, kwa maana leo utauona mtambo wetu wa umeme wa upepo ukizunguka wenyewe, bila sisi kuusukuma.

Tulianza tukiwa wanafunzi sita wa ufundi na mafundi wawili wa majahazi. Nia yetu ilikuwa kupata taa za banda la kuundia vyombo na mahali pa kuchajia tochi za wavuvi. Tulichagua mtambo wa mhimili wa wima kwa sababu mbili. Hauhitaji kugeuzwa uso, upepo uwe wa kusi, wa kaskazi, au ule wa tanga mbili usioeleweka utokako. Na jenereta yake hukaa chini, fundi akaifikia bila kupanda mlingoti. Tunajua kwamba mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, yote ni ya mhimili wa kulala, na kwa kuvuna umeme mwingi aina hiyo ndiyo bora. Sisi tulitaka mtambo tuwezao kuutengeneza na kuukarabati hapa hapa.

Mtambo wa kwanza ulikuwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, nusu mbili zikatazamana zikiwa zimeachana kidogo. Umbo hilo alilibuni Mfini Sigurd Savonius katika miaka ya 1920. Huanza kuzunguka kwa upepo mdogo kabisa, lakini husukumwa tu, kwa hiyo haliwezi kuuacha upepo nyuma. Tulipata mzunguko mzuri na umeme haba.

Hapo ndipo tulipogeukia rota, yaani mabawa yauzungukayo mhimili, ya Mfaransa Georges Darrieus, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1931. Kitabuni hatukuielewa. Tuliielewa siku mzee mmoja alipotuchukua kwenye mashua akaenda bisho, yaani kuukabili upepo, akatuambia tulitazame tanga. Nahodha aendaye bisho hasukumwi kutoka tezi, nyuma ya chombo. Tanga hujikunja, upepo hupita mbio upande wa nje wa mkunjo, na chombo kikavutwa mbele ilhali upepo unatoka karibu na omo, mbele ya chombo. Bawa la Darrieus hufanya hivyo hivyo, ila safari yake ni duara. Hujivuta lenyewe mpaka likaenda mara 3 ya kasi ya upepo ulioliamsha.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo iliyotupa umbo. Tanga hupindua goshi, yaani hubadili upande upigwao na upepo, mara chache katika safari nzima, bali bawa hili hupindua mara mbili katika kila mzunguko. Likiwa upande utokako upepo hupigwa kwa nje, likifika upande wa pili hupigwa kwa ndani. Kwa hiyo tulichagua umbo lisilo na mgongo wala tumbo, lililo sawa pande zote mbili, liitwalo NACA 0018 katika orodha ya Wamarekani ya maumbo ya mabawa ya ndege. Sufuri mbili zina maana kwamba halikupinda, na 18 ni unene wake kwa asilimia ya upana. Bawa letu lina upana wa sentimita 20, basi unene ni milimita 36, na sehemu nene kabisa iko sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele. Ukingo huo ni wa mviringo, na wa nyuma umechongwa ukawa mwembamba. Ukipitisha kiganja kutoka mbele kwenda nyuma, mkono hautakiwi kuhisi kipando chochote.

Pembe nayo ilitusumbua sana. Bawa likienda mara 2 tu ya kasi ya upepo, upepo huligonga kwa pembe inayofika digrii 30. Likienda mara 3, pembe hushuka hadi karibu 19, na mara 4 hadi karibu 14. Pembe ikizidi, upepo huachana na ubao kama tanga linapoanza kupigapiga, na nguvu hupotea. Hii ndiyo sababu rota hii ni nzito kujianzisha. Nusu za pipa letu la zamani hatukuzitupa. Tulizipunguza tukazifunga ndani, kwenye mhimili huo huo, ziwe za kuamshia.

Mheshimiwa, sasa nieleze ajali, kwa kuwa tumeahidiana kutoificha. Usiku mmoja wa kusi bawa moja lilipasuka na kuruka hatua thelathini, likaangukia mchangani kando ya mashua. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Asubuhi mzee wetu alikiokota kipande, akakigeuza juani, akatuonyesha kwa kidole jinsi nyuzi za ubao zilivyokimbilia pembeni badala ya kufuata urefu. Kisha akatuonyesha tundu la boliti tulilotoboa mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Mpasuko ulianzia hapo.

Tulikaa chini tukapiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga mapema. Rota yetu ina kipenyo cha mita 2. Upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde, bawa hukimbia mita 24 kwa sekunde, na ubao wa kilo 2 huvuta viungo vyake kwa nje kama mzigo wa kilo 117. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji ikining'inia kwenye ubao mmoja. Na juu ya mzigo huo, upepo hulipinda bawa ndani na nje, zaidi ya mara 13,000 kwa saa. Hata wakubwa yamewakuta: mtambo wa Éole huko Cap-Chat, Kanada, ulioinuka kama mita 110, ulisimama mwaka 1993 baada ya beringi yake ya chini kuharibika.

Siku hizi kila ubao hukaguliwa nyuzi na wazee kabla ya kuguswa na tezo. Hatutoboi tena. Tunalikamata bawa kwa vibano na kulifunika kwa faibaglasi. Na kukiwa na dhoruba tunaunganisha pamoja nyaya zote tatu za jenereta, jambo linaloizuia rota kama breki.

Ombi letu ni moja. Tunaomba kipima-upepo chenye kuhifadhi kumbukumbu, tukifunge mita 6 na baadaye mita 12 juu ya ardhi, mwaka mzima, kusi na kaskazi. Rota yenye mabawa ya urefu wa mita 2 na kipenyo cha mita 2 hukutana na nguvu ya upepo ya wati 65 hivi upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde. Upepo ukifika mita 6 kwa sekunde, wati hizo huwa zaidi ya 500, mara nane. Hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59 ya hizo, na wetu tungeridhika na robo. Lakini robo ya 65 haiwashi banda, na robo ya 500 hulitosha. Bila kipimo hatujui tuchonge bawa la upepo gani, na mbao nzuri ni ghali. Fedha hatukuombi.

Bawa la tatu liko mezani pale, chini ya mwembe. Upande mmoja tumeumaliza, wa pili tumeuacha haujapigwa randa. Randa imenolewa, mheshimiwa, na mzee atakuonyesha nyuzi zinakokwenda. Karibu uanze wewe.