Barua ya Malalamiko: Seti Yenu ya Kufuma Gauni la Mtoto wa Miezi 6

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: MAKOSA YA VIPIMO, UPUNGUFU WA UZI NA VIFAA VYA HATARI KATIKA SETI YA GAUNI LA KROSHIA

Ndugu Meneja,

Tunaandika kuhusu seti yenu ya kufuma gauni la mtoto wa miezi 6. Ndani mna mabonge 2 ya uzi wa pamba, gramu 50 kila moja, kroshia (sindano yenye ncha ya ndoano) ya milimita 3.5, vifungo 3, utepe, pakiti ya shanga na karatasi ya maelekezo. Gauni hilo likifumwa kama karatasi inavyosema, halimwingii mtoto wa miezi 6. Kosa haliko kwenye mkono wa mfumaji kukaza wala kulegeza uzi. Liko kwenye hesabu zenu, na tunaziweka hapa ili fundi wenu azipitie moja baada ya nyingine.

Karatasi inataka vitanzi virefu 20, yaani mishono mirefu ya kroshia, vitoe upana wa sentimita 10. Hapo hatuna neno, kipimo hicho kinapatikana kwa uzi huu na kroshia hii. Kisha mnaagiza zipigwe cheni 60 (vitanzi vidogo vya kuanzia, vilivyofuatana kama mnyororo), kitanzi kirefu cha kwanza kiingie kwenye cheni ya 4 kutoka kwenye kroshia, na mwisho wa mstari vipatikane vitanzi 60. Haviwezi kupatikana. Zile cheni 3 zinazorukwa huhesabiwa kitanzi kimoja, zinabaki cheni 57, jumla vitanzi 58. Ukitaka 60 piga cheni 62. Mtu anayejifunza, akiona viwili vimepungua, atafumua na kurudia mara nyingi akiamini kwamba ni yeye asiyejua kuhesabu.

Kubwa zaidi ni agizo la kuunganisha mstari wa kwanza uwe duara. Vitanzi 60 ni sentimita 30. Mzingo wa kichwa cha mtoto wa miezi 6 ni sentimita 42 hadi 44 hivi, na cheni ya kuanzia haivutiki kiasi cha kuziba pengo hilo, hasa ikiwa ya pamba. Picha iliyo kwenye boksi inaonyesha gauni lenye mpasuo mgongoni na vifungo 3, na vifungo hivyo mmeviweka. Ila katika karatasi nzima hakuna sentensi hata moja kuhusu mpasuo, wala mahali vifungo vinapokaa. Gauni la kwenye picha halikufumwa kwa maelekezo haya.

Njia sahihi ni kufuma kwa kwenda na kurudi, mgongo ukiwa wazi, mpaka makwapani, ndipo kazi iunganishwe kuwa duara. Mpasuo wa sentimita 11 unapofunguka huongeza karibu sentimita 20 za nafasi ya kupitisha kichwa. Cheni ya kuanzia nayo ipigwe kwa kroshia ya milimita 4, halafu mfumaji arudi kwenye 3.5, vinginevyo shingo hujikunja na kumkwaruza mtoto chini ya kidevu.

Kipande cha kifuani kimekosewa mara mbili. Mgawanyo wenu ni mzuri: vitanzi 10 vya nusu ya mgongo, 10 vya mkono, 20 vya mbele, 10 vya mkono wa pili, 10 vya nusu nyingine ya mgongo, na cheni 2 kwenye kila kona kati yake. Kuanzia mstari wa 2, ndani ya kila kona huingia kitanzi kirefu, cheni 2, kitanzi kirefu. Kona ni 4, kwa hiyo kila mstari unaongeza vitanzi 8, bila kuhesabu cheni za kona: mstari wa 2 una 68, wa 3 una 76, wa 8 una 116. Karatasi inasema wa 8 una 124. Idadi hiyo hufikiwa mstari wa 9.

Hata kosa hilo likisahihishwa, mwili bado ni mdogo. Mnatenga mikono baada ya mstari wa 8, kwa cheni 4 kila kwapa. Hesabu yake ni 34 za mbele, 34 za mgongo na 8 za makwapa: vitanzi 76, yaani sentimita 38. Kifua cha mtoto wa miezi 6 ni sentimita 43 hivi, bado hujaweka sentimita 4 au 5 za kumwacha apumue na kuinua mikono. Fuma mistari 11 badala ya 8, mbele na mgongo zifike 40 kila upande, mikono 30 kila mmoja, kisha weka cheni 8 kila kwapa. Mwili utakuwa na vitanzi 96, sentimita 48, na mkono vitanzi 38, sentimita 19. Hilo ni gauni la kuvalika.

Hapo ndipo uzi unapoonekana kuwa haba. Tia alama kwenye uzi, fuma vitanzi virefu 10, fumua, pima: vimekula sentimita 45 hivi. Kwa vipimo vyenu vya sasa, kifua hula mita 32 na sketi mita 150, nanyi mmetoa mita 220, kwa hiyo uzi unatosha. Unatosha kwa gauni lisilomwingia mtoto. Mwili ukiwa wa vitanzi 96, sketi ikiongezwa vitanzi maradufu kama mnavyotaka inakuwa na vitanzi 192 kwa mzunguko, mita 8.6 kila mzunguko, na mizunguko yake 22 ni mita 190. Kifua nacho kinapanda hadi mita 50. Jumla mita 240, kabla ya pindo la shingo na mikono. Kuchapisha karatasi mpya peke yake hakutasaidia kitu. Ni lazima bonge la tatu liwemo.

Na mabonge yote yatoke kwenye awamu moja ya kutia rangi. Lebo za mabonge 2 ya seti hii zina namba mbili tofauti. Mkononi yanafanana, lakini ukishafuma unaona mstari umekata sketi katikati, juu krimu, chini krimu yenye umanjano kidogo. Kufua hakuuondoi.

Jambo la mwisho lingestahili kuwa la kwanza. Utepe mnaoagiza upitishwe shingoni na kufungwa kwa fundo la kipepeo haufai kabisa kwa nguo ya mtoto mchanga, maana ukinasa mahali unaweza kumkaba. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za kuvutia shingoni mwa nguo za watoto wadogo. Shanga nazo mnasema zibandikwe kwa gundi kwenye kola. Gundi huachia kwenye pamba baada ya kufuliwa, na mtoto wa miezi 6 hupeleka kila kitu mdomoni. Shanga hizo zina upana wa milimita 6, saizi ya kumpalia. Vifungo vishonwe kwa uzi imara wa kushonea, si kwa kipande cha uzi wa kufumia kilichobaki. Ncha za uzi ndani ya mikono zifichwe kwa kupitishwa huku na huko, zisibaki zikining'inia, kwa kuwa uzi uliolegea hujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Tunadai mambo haya. Sitisheni mauzo ya seti hii hadi utepe na shanga viondolewe, na waliokwisha kuinunua wapewe taarifa waache kuvitumia. Toeni karatasi mpya iliyofumwa na kujaribiwa na mtu ambaye hakuiandika. Kila mnunuzi apewe mabonge 3 ya awamu moja ya rangi, kwa sababu bonge moja la nyongeza kutoka awamu nyingine litarudisha mstari ule ule, au arudishiwe fedha yake yote, chaguo likiwa lake. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Picha za lebo, boksi na karatasi ya maelekezo zimeambatanishwa.

Wenu,
Wafumaji wa nguo za watoto