Mzinga wa Mirbat

Mombasa

Kwako ndugu yangu Hamad,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kusikia kwamba Julai hii unawapeleka watoto Salala kuona khareef, yale majira ya mawingu na manyunyu. Nina ombi, lakini kwanza nikueleze linatoka wapi.

Nimeanza kuunda ule mzinga wa Waingereza wa ratili 25 (ndio uzito wa kombora lake), modeli ya kampuni ya Tamiya ya kipimo cha 1/35. Tundu la mtutu, ambalo kwenye mzinga wenyewe ni milimita 87.6, hapa ni milimita 2 na nusu. Nalisafisha kwa ncha ya sindano na msasa laini, maana likibaki na ukingo mbaya, kazi yote inaharibika.

Waliubuni miaka ya 1930 ili ushike kazi ya mizinga miwili: ule wa kupiga moja kwa moja, na hawitza inayorusha kombora juu likashukie nyuma ya kilima. Ufundi wenyewe uko kwenye baruti. Kombora la kilo 11 hutangulia kusukumwa ndani, kisha hufuata ganda lenye vifuko vya baruti: chekundu, cheupe na cha buluu. Ukitaka lianguke karibu, unabakiza chekundu peke yake. Ukitaka liende mbali, unaviacha vyote, na kwa chaji kubwa kabisa lilipita kilomita 12. Chini ya magurudumu hulazwa sahani ya chuma ya duara, na mzinga ukishapanda juu yake, mtu mmoja anashika mkia na kuuzungusha upande wowote. Jangwani Afrika Kaskazini, ambako adui aliweza kutokea ubavuni kwa vifaru, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini mimi siundi wa Afrika Kaskazini. Naunda wa Mirbat, ule mji wa pwani karibu na Salala.

Wewe umekulia Oman, bila shaka umesikia wazee wakitaja vita vya Dhofar, ule uasi dhidi ya Sultani huko kusini. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1972 waasi wanaokadiriwa kuwa 250 waliushambulia mji wa Mirbat. Mzinga ulikuwa shimoni kando ya ngome. Kwa kawaida huhudumiwa na watu sita. Sajini Talaiasi Labalaba, mtu wa Fiji aliyekuwa kwenye SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, aliukimbilia na kuupiga karibu peke yake: kubeba kombora, kupakia, kulenga, kufyatua, tena na tena, adui wakiwa karibu sana. Alipigwa risasi usoni akaendelea. Mwenzake Sekonaia Takavesi, naye Mfiji, alikimbia katikati ya risasi akamfikia. Takavesi alijeruhiwa lakini akapona. Labalaba aliuawa. Kila nikisoma habari hii nakaa kimya kwa muda. Mzinga wenyewe baadaye ulipelekwa Uingereza, ukawekwa kwenye makumbusho ya wapiga mizinga.

Sanamu za askari zilizomo ndani ya boksi ni za Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo naziweka pembeni na nitawachonga wawili mwenyewe. Kinachonisumbua ni ardhi. Modeli nilizoziona za Mirbat zimemwagiwa mchanga wa njano mkavu kama wa Sahara. Hilo linaniudhi, kwa sababu ilikuwa khareef! Mawingu yalikuwa chini kiasi kwamba ndege za Sultani zilizotoka Salala kuja kusaidia zililazimika kupita chini yake. Ardhi ya siku ile haiwezi kuwa na rangi ya jua kali.

Ombi langu basi: kutoka Salala hadi Mirbat ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Nenda kwenye ngome, unipigie picha za udongo na mawe kwa karibu, asubuhi wakati wa manyunyu, na picha moja ya chini ya ukuta. Weka karatasi nyeupe pembeni ndani ya kila picha, nipate kujua rangi halisi ninapochanganya rangi zangu. Wasalimie sana shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Abubakar